Kichwa Kilichoanza Safari ya Haltom City

Nimestaafu. Magoti yalianza kulalamika, daktari akayaunga mkono, na meneja hakubisha hata kidogo. Siku ya kuagana alinizawadia fimbo ya kuvulia samaki, ile nyekundu yenye taa kwenye mpini, ambayo kwa miaka yote niliyokaa kaunta nilikuwa nikiwanong'oneza wateja wasiinunue. Mlipiga makofi. Nilishukuru. Sasa imesimama gereji kwangu Missouri City, na taa yake huwaka yenyewe.

Baadhi yenu mliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla hayajanitoka. Kijana mmoja wa kitengo cha buti aliniambia, "Mzee, si utu-emailie tu points kama tano hivi." Pointi tano sina. Nina miaka ya kusimama nyuma ya kaunta nikiwatazama watu wazima wakijidanganya, kwanza Haltom City, ubavuni mwa Fort Worth, kisha Houston, na kama kuna elimu humo basi haikunijia kwa pointi.

Nilisoma falsafa Nairobi, kisha nikaja Texas kuisoma zaidi, maana kiasi nilichokuwa nacho kilikuwa hakijaniharibu vya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kodi ya nyumba ilinijia na hoja ambazo hakuna mwanafalsafa niliyemsoma aliyekuwa na jibu lake. Nikaingia kwenye duka la vifaa vya uwindaji na uvuvi, lililobanwa kati ya fundi wa matairi na muuza donati, nikauliza kama wanaajiri. Sikuwa nimewahi kuua kitu kikubwa kuliko mende. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku nikiwa bado mvulana. Ukikutwa na bunduki mkono mmoja na mnyama mkono wa pili, unakwenda ndani. Huku kazi yangu ilikuwa kumuuzia mtu bunduki, leseni ya mnyama, na kofia ya kuvaa atakapopigwa picha na vyote viwili.

Siku ya kwanza alinijia bwana mwenye mkanda wa bamba kubwa kama kisahani cha chai. Aliegemea kaunta, akaniuliza kwa sauti ya siri, "Mwaka huu kulungu wako wapi?"

"Msituni," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakohoa, akanunua darubini, akaenda zake. Mwanamke aliyekuwa akihudumia leseni upande wa pili aliweka sigara yake chini. Aliitwa Loretta, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha choshwa na kila kitu kabla ya chai ya saa nne.

"Ulikuwa unamtania?"

"Hapana. Sijui kingine chochote."

"Vizuri, mpenzi wangu. Endelea kutojua. Wanaojua ndio tunaowatafuta kwa helikopta."

Loretta ndiye aliyenifundisha kazi, na hakunifundisha kwa upendo. Hakuwapenda wawindaji, hakuwapenda wavuvi, na samaki wenyewe aliwaona wajinga. Lakini alijua jambo moja ambalo vitabu vyetu vya mauzo havina: usimwulize mtu anataka kuua nini, mwulize yuko tayari kutembea mpaka wapi. Akisema "mbali," muuzie maji na dira. Akisema "inategemea," muuzie kiti chenye mto, kwa sababu atakaa kwenye maegesho.

Alikosea pia, tena kwa ushupavu. Aliamini kwamba dira huharibika ukiiweka karibu na sigara, kwamba watu wa Houston hawawezi kuvua, na kwamba mimi nitaacha kazi kabla ya Krismasi.

Sasa nije kwenye ardhi ya umma, kwa kuwa ndiyo mtakayoulizwa kila siku. Texas karibu ardhi yote ina mwenyewe, na mwenyewe ana uzio, na uzio una kibao kinachoeleza atakachokufanyia. Kilichobaki ni misitu ya taifa, kingo za mabwawa, na vipande ambavyo jimbo linavifungulia watu wenye kibali cha mwaka. Wateja wetu wa kwetu hugawanyika makundi mawili hapa. Kundi la kwanza husikia "ya serikali" wakadhani maana yake haina mwenyewe, wakaja na shoka. Kundi la pili husikia neno hilohilo, wakadhani watapigwa viboko langoni, wakabaki nyumbani. Wazungu nao wana kundi lao moja tu: wanaodhani kuwa ni yao wao peke yao, na wewe umewaingilia.

Ukitaka kuijua ardhi hiyo, nenda kabla ya msimu, wakati hakuna bunduki wala watu wa kujisifu. Acha gari pale kila mtu anapoacha, kisha tembea hadi utakapofika mahali ambapo makopo ya bia yameisha. Mahali makopo yanapoisha ndipo kazi inapoanzia. Tafuta miti ya mwaloni inayoangusha mbegu, tafuta kijito, tafuta magome yaliyochubuliwa na pembe kwa kimo cha kiuno chako. Tazama upepo unatoka wapi. Mavi yakiwa yanang'aa, mnyama hajaenda mbali. Yakiwa makavu, umechelewa kama kawaida yako. Weka alama kwenye ramani kwa penseli, maana wino huchuruzika ukinyeshewa. Usigongelee msumari kwenye mti. Usimwage mahindi ya kuwavutia, hata kama binamu yako anafanya hivyo kwenye shamba la mtu. Vaa vesti na kofia za rangi ya chungwa, hata kama zinakufanya ufanane na mfanyakazi wa barabara. Kulungu hajali rangi hiyo, na yule jamaa wa kichaka cha pili ndiye tunayetaka akuone. Na umwambie mtu umeenda upande gani. Mke anafaa. Kama hamsemezani, mwambie jirani.

Hayo yote nilimweleza wakili mmoja wa Dallas aliyekuja kununua msimu mzima kwa siku moja. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanunua kiti cha kupanda mtini, nguo za kombati zenye picha za majani ya miti isiyoota Texas, na chupa ya mkojo wa kulungu jike. Mkojo huo hupakwa kwenye buti ili dume asinuse harufu ya binadamu. Aliupaka mlemle dukani kwetu, akapitia kwenye baga, akala ndani ya gari, akaenda kukaa hatua chache kutoka barabarani huku upepo ukimpiga mgongoni. Alirudi kulalamika kwamba chupa haifanyi kazi. Loretta akamwuliza kama alishawahi kumwona kulungu jike akila vibanzi. Kiti cha mtini tulimrudishia pesa zake. Chupa hatukupokea.

Msidhani nilikuwa bora. Mwaka wangu wa pili nilikwenda peke yangu kwenye nyika za serikali upande wa Decatur nikiwa na ramani niliyokuwa nikiwauzia watu, nikapotea mahali ambapo niliweza kusikia malori ya barabara kuu. Nilizunguka kichaka kimoja nikijadiliana na nafsi yangu kuhusu uhakika wa maarifa. Hatimaye mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alinionyesha gari langu, ambalo tulikuwa tunaliona.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini kampuni ilifungua duka Houston, nikahamishwa. Huko niliwakuta Wakenya wenzangu wenye uwezo, na ndipo nilipopata kujua kwamba upumbavu wa vifaa hauna kabila. Bwana Mwaura, msimamizi wa wauguzi aliyenunua nyumba Pearland, alikuja Jumamosi moja na mkewe, akiwa ameshachagua boti.

"Buda, hii tumeichukua. Next weekend tuko Galveston."

"Umewahi kuendesha boti?"

"Nimeendesha Prado Mombasa Road jioni. Hii itanishinda na hakuna hata matatu kwa maji?"

"Mwulize kama anajua kuogelea," mkewe akasema bila kuinua macho kutoka kwenye katalogi.

"Si nitavaa life jacket?"

"Mwulize kama anajua ku-reverse trela."

Hakujua. Boti ilikaa mbele ya gereji mpaka chama cha wenye nyumba cha mtaa kikamtaka aiondoe, akaisukuma nyuma ya nyumba, ikawa ndimo anamowekea makaa ya nyama choma. Nilialikwa. Nyama ilikuwa nzuri. Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu uvuvi ni mfupi: vueni mkiwa mmesimama nchi kavu. Chini ya bwawa, maji yakifunguliwa, kambare hujipanga wenyewe. Soma mabango kwanza, kwa sababu kuna sehemu za mto Trinity ambako unaruhusiwa kuvua na umekatazwa kula, na nimewaona watu wetu wakitundika mashati juu ya bango hilo yakauke.

Sasa nifike kwa Baba Riziki, ambaye kwa ajili yake nimekubali kuandika.

Alikuja kaunta yangu miaka ya elfu mbili mwanzoni, beji ya ghala bado ikining'inia shingoni. Mkongo wa upande wa Uvira, mtu wa maneno machache, aliyekuwa amekaa miaka kambini Kigoma kabla ya kuletwa Haltom City, kisha akafuata kazi Houston. Mkewe na binti yao Riziki walibaki kambini. Faili lao lilikuwa juu ya meza ya mtu fulani, katika ofisi fulani, na mwanasheria wa bure alikuwa amemwambia jambo moja tu: mpaka faili hilo lifungwe, asipate kesi. Kesi ya aina yoyote. Hata ya gari.

"Na unataka kuwinda?" nikamwuliza.

"Kaka, nyama ya duka haina habari," akasema. "Baba yangu alikuwa anawinda. Nataka kupeleka nyama moja kwa kanisa, nyama yenye nilitafuta mimi."

Sijawahi kuwa na mteja kama huyo. Alikwenda darasa la usalama la wawindaji, akafaulu, akarudi na maswali. Kila sheria niliyomsomea alinijibu kwa swali lilelile.

"Nikikosa kuvaa hii kofia, ni kesi?"

"Ni kesi."

"Nikipiga jike kwenye sehemu ya madume?"

"Ni kesi kubwa."

"Nikisahau lebo?"

"Ni kesi, Baba Riziki."

Kesi ya kulungu ingefika kwenye lile faili? Sikujua. Hakuna aliyejua. Yule mwanasheria naye hakujua, na ndiyo maana alisema "yoyote." Mtu mwenye akili angekaa nyumbani. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza kama kukaa nyumbani ndiko kulikonifanya mimi niwe mwenye akili, nikaona ni afadhali niende naye mwenyewe.

Tulikwenda kwenye msitu wa taifa ulio kaskazini ya Conroe, misonobari mirefu na matope mekundu. Tulikuwa mimi, Baba Riziki, mwenzake wa ghala aliyeitwa Espoir, na Pasta Elie. Pasta alikuwa mchungaji wao wa Haltom City, nami nilimfahamu tangu duka la zamani, ambako alikuwa akinunua soksi. Alikuwa amekuja na gari lake kutoka huko juu siku iliyotangulia ili atuombee, na alivaa suti.

"Pasta, vaa hii kofia."

"Mungu ananijua hata bila hii."

"Mungu, ndiyo. Lakini humu kuna watu wenye bunduki walioanza bia kabla ya chai."

Aliivaa juu ya suti, akaomba kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kwa kirefu, mpaka nikaogopa wanyama wataamka wote. Kisha akabaki garini.

Tuliingia mbali kupita makopo. Baba Riziki nilimweka penye mwaloni niliokuwa nimeuona kabla ya msimu, upepo ukimjia usoni, nami nikapanda mti wangu. Sikuona kitu, kama nilivyozoea. Yeye alipiga risasi moja. Dume, pembe za kutosha, ameanguka palepale. Nilimwonyesha jinsi ya kukata lebo kwenye leseni, kuandika tarehe, na kuifunga kwenye pembe.

"Hii lebo isitoke hapa mpaka mnyama afike nyumbani."

"Ikitoka ni kesi?"

"Ikitoka ni kesi."

Aliifunga kwa mafundo mengi kuliko yaliyohitajika. Tukamburuta mnyama hadi kwenye maegesho, kisha mimi nikarudi kufungua kiti changu cha mtini, maana kwenye ardhi ya umma hukiachi nyuma. Niliporejea, kulungu hakuwepo. Palikuwa na mapande na mifuko ya plastiki, imepangwa juu ya turubai vizuri kama sokoni, na Espoir akinawa mikono.

"Hii ni ya Baba Neema, hii ya wale ba Missouri City, hii ya mama mwenye alifiwa, hii yako kaka."

"Kichwa kiko wapi?"

"Kichwa ni ya Pasta," akasema Espoir, akinishangaa. "Yeye ndiye aliomba. Tulimupatia, akaenda. Iko na ibada leo magharibi."

"Na lebo?"

"Iko ku pembe," akasema Baba Riziki. "Ulisema isitoke. Haikutoka."

Haikuwa imetoka. Ilikuwa imefungwa barabara kwenye pembe zake, nayo ilikuwa inapanda barabara kuu kuelekea Haltom City ikiwa na ushahidi wote kwamba mnyama yule alikuwa dume. Nilikaa kwenye sanduku la barafu. Sheria ya huku inataka kichwa kiende na nyama mpaka mwisho wa safari, ili mtu asikuambie dume wakati alipiga jike. Heshima ya kwao inataka kichwa kiende mara moja kwa anayestahili, kabla hakijapoa. Nilikuwa nimewaeleza lebo, kofia, mahindi na misumari. Haikunijia akilini kwamba mnyama mmoja anaweza kusafiri barabara mbili, na hakuna kijitabu chetu dukani kilichowahi kuwaza hivyo.

Ndipo pikapu ya askari wa wanyamapori ikaingia.

Alikuwa mwanamke kijana mwenye uso wa mtu aliyedanganywa tangu asubuhi. Alikagua leseni, akaridhika. Akatazama turubai.

"Huyu dume au jike?"

"Dume," nikasema.

"Eneo hili ni madume tu. Kichwa nikione."

Baba Riziki hakuhitaji tafsiri.  Espoir ndiye aliyejibu, kwa Kiingereza chake cha ghala, akiwa na fahari: "Kichwa kimeenda kanisani, madam."

Askari alinigeukia. "Amesema kanisani?"

"Amesema kanisani."

"Lipi?"

"La Haltom City."

"Hiyo ni Fort Worth, zaidi ya saa tatu barabarani."

"Ndiyo, afande."

Alivuta pumzi. "Nimeshaambiwa kichwa kimeliwa na mbwa. Nimeambiwa kimeibwa na shemeji. Kanisani ni mara ya kwanza." Akafungua kitabu chake, akakifunga tena. "Niko kwenye barabara hii mpaka jua litue. Nikipita hapa kwa mara ya mwisho na kichwa hakipo, nitaandika. Na nyama isiondoke."

Alipokwisha kwenda, Baba Riziki alisema kwa sauti ndogo, "Kuandika ndiyo kesi?"

"Ndiyo."

"Mama Riziki atabaki kule."

 Mtandao wa simu ulikamata sehemu moja tu: juu ya pikapu yangu, juu ya sanduku la barafu, mtu akiwa amenyooka kama mlingoti. Nilipanda. Pasta Elie alipokea akiwa kituo cha mafuta Madisonville. Nilimsikia akitafuna kuku.

Nilimweleza sheria. Alinisikiliza, akameza.

"Kaka, kichwa ikishatolewa hairudi. Ikirudi, bantu batasema mwenye alipewa hakustahili. Ni mimi nitasimama mbele ya kanisa na hiyo haya?"

Nikamweleza nia ya sheria. Nikamweleza tofauti kati ya desturi na wajibu, jambo nililowahi kuandikia tasnifu. Nilieleza vizuri sana, nimesimama juu ya sanduku la barafu katikati ya misonobari, kofia ya chungwa kichwani. Pasta aliniuliza kama nimekula.

Baba Riziki alinivuta suruali nishuke. Akapanda yeye.

"Pasta," akasema. "Kichwa ikifika Haltom City, Mama Riziki hatakuja."

 Baba Riziki aliishikilia simu mbali kidogo na sikio, ili nasi tuliokuwa chini tusikie. Kisha sauti ya Pasta ikatoka, nzito, ya mimbarani.

"Mwambie huyo mama wa serikali, mimi sirudishi. Sikia vizuri. Mimi ninakuja kumuonyesha. Kuonyesha si kurudisha."

"Ndiyo, Pasta."

"Na kaka yako mwalimu anyamaze."

Alifika wakati jua limeshuka kwenye vilele vya miti. Kofia ya chungwa ilikuwa bado kichwani. Kichwa cha kulungu kilikuwa kiti cha mbele, kimefunikwa kitambaa cheupe, na alikuwa amekifunga mkanda. Pikapu ya askari ilikuja nyuma yake, karibu waegeshe pamoja. Pasta alishuka, akakibeba kwa mikono miwili, akasimama mbele ya askari kama anayekabidhi mtoto kwa ubatizo.

Askari alisoma lebo. Akakichukua, akakiweka penye pande la shingo, akageuza huku na huku mpaka mkato ukakubaliana na mkato. Ulikubaliana.

"Sawa. Ni dume, na lebo iko sahihi," akasema. "Lakini kichwa hiki sasa kinakaa na nyama hii, na mwenye leseni, mpaka kwenye nyumba ambamo nyama itamalizwa kukatwa. Baada ya hapo mgawane mnavyotaka. Njiani hakiachani nayo."

Nilitafsiri. Pasta alinyoosha tai yake. Nyama ilikuwa ya kwenda Houston. Alikuwa ameonyesha, na sasa alikuwa anaambiwa arudishe, mbele ya watu wake wawili na Mkenya mmoja. Mkono wake ulirudi juu ya kile kitambaa na ukabaki pale. Askari aliutazama ule mkono, kisha akatazama kitabu chake. Nilikuwa naanza kutunga hotuba ya pili.

"Muulize," Baba Riziki akaniambia. "Nyama ikifuata kichwa, ni kesi?"

Nilimwuliza. Askari aliitazama ile mifuko, lile turubai, ile suti.

"Hapana," akasema. "Hiyo siyo kesi."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda Haltom City. Pasta mbele na gari tupu, mimi nyuma na pikapu, Baba Riziki pembeni yangu amekipakata kichwa cha mnyama wake njia nzima, na Espoir akilala juu ya mifuko. Askari hakuandika kitu. Watu wa Houston waliogawiwa nyama ile walilazimika kuifuata Fort Worth, wakitumia mafuta ya gari yenye thamani zaidi ya paja zima, wakinung'unika kila mji. Mama Pasta alitupokea mlangoni, akafunua kitambaa, akafunika.

"Hiyo haiingie mu jiko yangu," akasema.

Kichwa kilichemshiwa uani, kwenye sufuria ya kukopa. Pasta alikula ulimi wa kulungu peke yake, kwa heshima zote, na mbu.

Wateja watakuja kuwaambia kwamba sheria za uwindaji ni za kipumbavu. Wengine, waliosoma kama mimi, watakuja kuwaambia kwamba desturi ndizo za kipumbavu. Wauzieni wote wawili soksi. Ila kabla hujamkatia leseni mtu wa kwetu, achana kidogo na risasi na darubini, umwulize: mnyama akianguka, kichwa ni cha nani? Akikutajia jina, mwambie huyo mtu aende naye msituni akae mpaka mwisho, au nyama yote iende kwake. Hilo halimo kwenye mafunzo mliyopewa na makao makuu. Niliwahi kupendekeza liwekwe. Walinishukuru kwa mchango wangu.

Faili lilifungwa mwaka uliofuata. Baba Riziki aliulizwa kama alishawahi kushtakiwa kwa jambo lolote, akajibu hapana, na ilikuwa kweli. Mkewe na binti walishuka uwanja wa ndege wa Houston na masanduku mawili. Baba Riziki alimpikia mkewe nyama ya kulungu aliyokuwa ameihifadhi kwenye friza, kwa ajili ya siku hiyo. Mama Riziki alitafuna kipande kimoja, akasema hakukaa kambini miaka yote ile ili aje Amerika kula nyama ya porini, akaulizia kuku.

Walikuja dukani pamoja Jumamosi iliyofuata. Mama Riziki aliwahi kuuza samaki Uvira, na alikwenda moja kwa moja upande wa uvuvi, akaanza kunyanyua vile visamaki vya plastiki kimoja kimoja.

"Samaki mwenye anakula hii," akasema, "hatufai kumula. Iko mujinga."

Mteja aliyekuwa karibu akarudisha vya kwake rafuni. Nikasogea kumsalimia.

"Ni weye mwenye ulipeleka bwana yangu mu pori?"

"Ni mimi, mama."

"Na karatasi yangu ilikuwa ku meza ya bantu?"

"Ndiyo, mama."

Alinitazama kuanzia viatuni hadi kwenye kibandiko cha jina langu. Nilingoja matusi, niliona nimestahili, na nilikuwa nimeyaandalia majibu. Akashusha pumzi, akarudi kuitazama rafu, na macho yake yakatua kwenye ile fimbo nyekundu yenye taa.

"Na huku munaandikaka bamama kazi?"

Nilimwambia tunawaandika. Basi sasa mnajua alikotoka huyu mnayemwogopa pale upande wa samaki, anayewarudisha wateja nyumbani mikono mitupu na bado mauzo yanapanda. Siku yangu ya mwisho nilimkabidhi ufunguo wa kabati la leseni. Hakuniaga kwa maneno mengi. Alilifungua, akapitisha kidole juu ya rafu, akakitazama kile kidole chenye vumbi, akaniuliza nilikuwa nikifanya nini humu miaka yote hii.